Msamaha wa Rais Una Njia Yake

Mzazi wa mtaa wa Chaani ambaye mwanawe amefungwa katika gereza la Shimo la Tewa huambiwa na majirani kuwa msamaha wa rais ni wa wanaojuana na wakubwa. Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hivyo. Kwa Kifungu cha 133, mtu yeyote anaweza kumwombea mfungwa: mamake, imamu wa mtaa, hata jirani. Naye rais hafungui lango kwa kupenda kwake. Hufuata ushauri wa kamati yenye Mwanasheria Mkuu, waziri wa magereza na watu wasiopungua watano wasio watumishi wa umma. Anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuipunguza au kuibadilisha iwe nyepesi. Aliye rumande hahusiki, kwa kuwa ni lazima mtu awe ameshapatikana na hatia.

Uwezo huu tunauhitaji sana. Kijana akimpora mtu simu akiwa na mwenzake, kisheria huo ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Wafungwa wengi wa wizi wa mabavu wakapata tumaini, mpaka mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilipofafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu zinaendelea kutolewa. Ndiyo sababu Rais Kibaki mwaka 2009 aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 iwe kifungo cha maisha, na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2016 akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Sioni ubaya wowote hapo.

Ubaya niliuona kwa jirani zetu. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli wa Tanzania aliwaachilia mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wamefungwa maisha kwa kunajisi watoto wa shule ya msingi. Watetezi wa watoto walilia. Miezi michache baadaye, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikasema baadhi ya haki za wawili hao zilikiukwa katika kesi yao. Kama kesi ilikuwa na kasoro, walistahili mahakama iichunguze upya. Kama hukumu ilikuwa ya haki, wasichana wale walistahili kusikizwa kwanza. Msamaha ule haukutimiza hata moja.

Na sisi tusijisifu. Katiba yetu inasema kamati *inaweza* kuzingatia maoni ya walioathiriwa, haiilazimishi. Bunge liweke sharti la kuwasikiza katika Sheria ya Msamaha ya 2011, na kila jina linalotangazwa liambatane na sababu za kusamehewa. Mama aliyeporwa Chaani asikutane na aliyempora stendi ya matatu bila kuwahi kuulizwa neno.