Sheria Nayo Ina Historia: Somo Lililoanzia Mtaa wa Lumumba

Anayetoka viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda sokoni Kariakoo huvuka Mtaa wa Lumumba. Wengi wetu tunauvuka tukiwaza mizigo na nauli. Lakini ni katika mtaa huo, ndani ya jengo la TANU, ambako masomo ya chuo kikuu yalianza nchini mwetu Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Kwa nini kuanza na sheria? Taifa lilikuwa na wanasheria Waafrika wachache mno, na sheria nyingi lililorithi ziliandikwa na watawala wa kigeni. Kuzikariri kusingetosha. Ndipo tunapoona umuhimu wa historia ya sheria na katiba. Somo hili linauliza: nani aliiandika sheria hii, kwa faida ya nani, na akina nani hawakuulizwa?

Mfano hauko mbali. Wakati wa Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika kanda tatu kwa kanuni za ujenzi. Kanuni zilisema habari za aina ya majengo. Matokeo yake, Wazungu walikaa upande wa Oyster Bay, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja ukabaki uwanja wa kutenganisha. Anayesoma kanuni peke yake ataona mawe na makuti. Anayesoma historia yake ataona ubaguzi.

Katiba nayo husomwa hivyo. Katiba ya Jamhuri ya 1962 ilitaja haki za binadamu kwenye utangulizi tu, mahali ambapo raia hakuweza kuzidai mahakamani. Katiba ya Muda ya 1965 ilileta mfumo wa chama kimoja, na hiyo "ya muda" ikadumu miaka 12, hadi Katiba ya 1977. Haki za msingi ziliingizwa katika ibara mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Kumbe haki tunazoziona za kawaida leo zilichelewa zaidi ya miaka 20 baada ya Uhuru.

Mtafiti hupata mambo haya kwa kulinganisha Gazeti la Serikali, kumbukumbu za Bunge, hukumu, majalada ya Nyaraka za Taifa na simulizi za wazee. Kwa mafrateri njia hii si ngeni: Sheria ya Kanisa ya 1983 haieleweki vema bila ile ya 1917, na bila Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika kati yake.

Somo hili linatuhusu sote. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa mwaka 2015 haikufanyika. Tutakapoulizwa tena, tusiishie kusoma ibara inasema nini. Tuulize pia haki hiyo imeandikwa mahali gani, na je, mama ntilie wa Kariakoo ataweza kuidai mahakamani?