Je, Wajua Kwamba Diski Nayo Ina Lumbesa?

Msimu wa alizeti, mkulima wa Mungaa, wilayani Ikungi, huuliza kwanza: tunapima kwa gunia au kwa kilo? Ana sababu. Lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu ya mdomo, ni gunia moja kwa jina tu.

Seva nazo zina lumbesa yao. Fundi anaiamuru seva iandike faili la gigabaiti 1, anatazama saa: nusu sekunde, kazi imekwisha! Lakini diski ya kawaida ya sahani haifikishi hata megabaiti 300 kwa sekunde. Data nyingine iko wapi? Iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya seva, ambako mfumo wa Linux huiweka kwanza, kama mwenye mkokoteni aliyeshusha magunia barazani akatangaza yako ghalani. Umeme ukikatika kabla hayajaingizwa ndani, ndiyo mvua imeyakuta nje.

Mpimaji wa haki huilazimisha seva isiseme "tayari" mpaka data itue. Amri yake ni fsync. Sasa piga hesabu: sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ukiandika rekodi moja, ukangoja itue, kisha ukaongeza nyingine mbele yake, kila mara utangoja karibu mzunguko mzima, milisekunde 8.3. Basi rekodi 120 hivi kwa sekunde, si zaidi. Ukisomewa 5,000, kuna kumbukumbu ya muda imejificha ndani ya diski au kwenye kadi inayoiongoza. Huenda si ulaghai, maana kadi nyingine zina betri ya kuilinda data hiyo. Ila uliza.

Diski za SSD hazina sahani, lakini nyingi huanza kwa mbio na kuchoka sehemu yao ya haraka ikijaa. Kuipima SSD sekunde kumi ni kujidanganya. Programu ya kupimia diski iitwayo fio, ya Jens Axboe kutoka Denmark, huweza kuikimbiza kwa saa nzima.

Na malipo ya simu, kama M-Pesa iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hayaandiki mafaili makubwa. Ni rekodi ndogondogo zisizopaswa kupotea. Hapo megabaiti kwa sekunde hazisemi mengi, wala wastani. Tafuta rekodi iliyochelewa kuliko wenzake 99: hiyo ndiyo ya mkulima aliyesimama kwa wakala, simu mkononi, meseji haijaingia.