Fimbo ya Mchungaji Mikononi mwa Watoto: Kazi za Mikono kwa Majilio na Noeli



Wapendwa makatekista, walezi wa Utoto Mtakatifu na wazazi, kila Majilio yanapokaribia, maduka ya mijini hupambwa kwa pipi zenye umbo la fimbo iliyopinda kichwani, zenye mistari myekundu na myeupe. Huku Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, watoto wetu huziona zaidi katika kadi za Noeli na katika simu za kaka na dada zao kuliko mkononi. Hata hivyo, umbo hilo lina fundisho ambalo mtoto wa miaka minne hadi minane anaweza kulishika, tena kwa vidole vyake mwenyewe. Makala hii inaeleza chimbuko la pipi hiyo, namna ya kulifundisha umbo lake, na kazi ambazo watoto wanaweza kuzifanya kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu.

Chimbuko la pipi ya fimbo

Zipo simulizi mbili zinazorudiwa mara nyingi. Ya kwanza husema kwamba mwaka 1670 kiongozi wa kwaya wa Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani, aliwagawia watoto pipi zilizopindwa kama fimbo ya mchungaji ili watulie wakati wa ibada. Ya pili humtaja mtengenezaji wa pipi wa Indiana, Marekani, aliyetaka kila sehemu ya pipi imshuhudie Kristo. Simulizi zote mbili hazina ushahidi wa kihistoria, wala si vema kuzifundisha kana kwamba ni historia.

Kinachofahamika ni hiki: kadi za Noeli za kabla ya mwaka 1900 zilionyesha pipi nyeupe tupu, na mistari myekundu ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa muda mrefu pipi hizo zilipindwa kwa mkono zingali moto, na nyingi zilivunjika. Katika miaka ya 1950, padre Mkatoliki, Gregory Keller, alibuni mashine ya kuzipinda kwa ajili ya kiwanda cha shemeji yake, Bob McCormack, katika mji wa Albany, Georgia.

Basi tuwaambie watoto ukweli: hii ni pipi, na sisi kwa imani tunaona katika umbo lake ishara ya Mchungaji Mwema. Ishara hiyo haihitaji kuegemezwa kwenye hadithi isiyo na uhakika, kwa maana Maandiko Matakatifu yanatosha: Zaburi ya 23, wachungaji wa Bethlehemu katika Luka 2, kondoo aliyepotea katika Luka 15, na Mchungaji Mwema katika Yohane 10.

Neno «fimbo» masikioni mwa mtoto

Hapa ndipo ugumu ulipo. Katika miaka yangu ya mwanzo ya upadre nilichora ubaoni fimbo ya mchungaji mbele ya watoto wa mafundisho, nikauliza, «Hii ni nini?» Mtoto mmoja wa mvuvi akajibu upesi, «Ndoana, Padre!» Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikawaeleza kwamba ni fimbo, kisha nikauliza, «Fimbo ni ya kazi gani?» Wakaitikia kwa sauti moja: «Ya kuchapa!»

Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha Zaburi ya 23. Mezani kwangu palikuwa na kijiti chembamba nilichokitumia kuonyeshea maneno ubaoni na, nakiri, kuwatishia waliopiga kelele. Jibu lao lilikuwa limetoka pale mezani. Ningewaambiaje kwamba mzaburi huiona fimbo ya Bwana na kupata faraja, ilhali wao wakiiona fimbo huficha viganja?

Tangu siku hiyo huanza somo hili kwa kuitenganisha fimbo ya mchungaji na kiboko. Watoto wa huku wanawafahamu wachungaji, kwa kuwa Ufipa na Bonde la Rukwa vina mifugo mingi. Waulizwe: fisi akija usiku, gongo la mchungaji humwelekea nani, fisi au kondoo? Kondoo akitumbukia shimoni, kichwa kilichopinda cha fimbo hufanya nini? Humnasa taratibu na kumvuta juu. Mtoto hujibu mwenyewe kwamba gongo ni kwa adui, na fimbo ni kwa kuongoza na kuokoa. Ndiyo maana askofu anapokuja kutoa Kipaimara huwa ameshika fimbo ya kichungaji: ametumwa kulichunga kundi.

Wala yule mtoto wa ndoana tusimpuuze. Katika Mathayo 17 Bwana anamtuma Petro baharini atupe ndoana. Tofauti iko hapa: ndoana humvuta samaki kwa faida ya mvuvi, lakini fimbo ya mchungaji humvuta kondoo kwa faida ya kondoo mwenyewe. Mtoto wa ziwani akilielewa hilo, ameielewa Yohane 10.

Kazi nne za mikono

Ya kwanza: fimbo ya rangi mbili. Kwa wadogo kabisa, viringisheni karatasi za daftari lililokwisha ziwe mrija mgumu, kisha mpinde ncha ya juu. Kwa wakubwa, mtu mzima akate tawi bichi jembamba, aliloweke usiku kucha, alipinde na kulifunga kwa kamba mpaka likauke. Ombeni kwa fundi cherehani mabaki ya vitambaa vyekundu na vyeupe, myakate vipande vyembamba, watoto wayazungushie fimbo kwa kupokezana rangi. Uji mzito wa muhogo uliopoa ni gundi nzuri. Wakiwa wanazungusha, waambieni: nyeupe ni usafi wa moyo tuliopewa katika Ubatizo, nyekundu ni damu ya Mchungaji aliyeutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo.

Ya pili: herufi. Vitabu vya kigeni huwaagiza watoto waigeuze pipi ili waone herufi J, mwanzo wa jina la Yesu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili jina la Bwana huanza na Y, na mtoto anayejifunza kusoma atachanganyikiwa. Kwa Y tafuteni panda ya mti, ile ile ambayo wavulana hutengenezea manati, waivike vitambaa vyeupe. Ile J iliyogeuzwa iwe J ya «jirani», nanyi muwasimulie habari ya Msamaria mwema katika Luka 10.

Ya tatu: kondoo aliyepotea. Kila mtoto afinyange kondoo wa udongo. Wakishakauka, wahesabuni kwa sauti, kisha mlezi amfiche mmoja. Watoto wamtafute wakiwa na fimbo zao, na anayempata asipewe zawadi peke yake. Wote waimbe na kushangilia, kama wafanyavyo marafiki na majirani katika mfano wa Bwana.

Ya nne: fimbo ya pili. Kila mtoto atengeneze fimbo nyingine kwa ajili ya mtoto mgonjwa, yatima au asiyefika mafundisho, na kuipeleka akisindikizwa na mkubwa wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha Utoto Mtakatifu mwaka 1843, alitaka watoto wawasaidie watoto wenzao. Kazi hii ni tunda dogo la mbegu hiyo.

Tahadhari

Waya usitumike kwa wadogo, kwani ncha zake huchoma. Chokaa isitumike kupaka rangi nyeupe, maana huunguza ngozi na macho. Mkijaliwa kupata pipi ngumu, wasipewe walio chini ya miaka minne, kwa sababu huweza kuwakaba. Wakatieni wote matunda laini. Na fimbo hizi zisigeuzwe silaha za mchezo. Anayempiga mwenzake akumbushwe kwa upole fimbo hiyo ni ya nani.

Hitimisho

Mnaweza kuanza tarehe 6 Desemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Nikolasi, askofu anayechorwa akiwa na fimbo ya kichungaji, na kuzileta fimbo zote mbele ya Pango katika mkesha wa Noeli. Tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, kila mtoto airudishe yake nyumbani.

Kwenu wazazi nina ombi moja. Fimbo hiyo ikifika nyumbani, itundikeni ukutani mahali mtoto anapoiona. Na kama nyumbani mwenu ipo fimbo nyingine, ile ambayo mtoto huikimbia, iondoeni kabla ya kuitundika hii. Mimi kile kijiti changu nilikitia motoni jioni ile ile.