Nani Staa Kwenye Video Yenu?

Nilikwenda Tabora kupumzika. Treni, karanga, asali ya kurudi nayo, kusalimia wakwe, basi. Nikaishia kufanywa hakimu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaoa. Siku ya pili baada ya kufika nikamkuta yeye na mchumba wake sebuleni kwa mama mkwe wamenuniana, kila mtu na simu yake, katikati yao karatasi ya bajeti. Kilichowakosanisha si mahari wala michango. Ni video. Tena si video ya harusi yenyewe, bali ile inayotangulia, ya dakika nne hivi, ambayo siku hizi maharusi wanarekodi kama vile wao ni wasanii: wanatembea, wanacheka, wanakumbatiana, muziki unapiga kwa chini. Inarushwa kwenye simu za watu wiki moja kabla, halafu inaonyeshwa ukumbini.

Bwana harusi alitaka waende Dar: ufukwe, gari jeupe la kukodi, nyumba ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea, na dairekta aliyewahi kushuti video za wasanii. Bibi harusi alitaka hapa hapa Tabora, kwa robo ya gharama. Nilipoisoma ile karatasi nikaona hesabu ya Dar inakaribia kabisa malipo ya kwanza ya kiwanja walichokuwa wameshakwenda kukiona. Hapo nikaelewa kwa nini wamenuniana.

"Shemeji, wewe ndiye uliyesomea haya mambo ya habari," akaniambia. "Hebu mweleweshe mwenzio."

"Dada, anza na yeye," akasema bibi harusi bila kuinua macho kwenye simu.

Basi msomaji, haya ndiyo niliyowaambia kwa siku tatu, mengine mezani, mengine njiani. Kama na wewe mko kwenye vikao, keti hapa pembeni usikilize.

Bwawa lina kazi gani?

Nilianza na bwawa la kuogelea kwa sababu ndilo lililokuwa limekula fedha nyingi, na wote wawili hawajui kuogelea.

Kaa mbele ya televisheni jioni moja uhesabu. Video ya Bongo Fleva ya mapenzi ina vitu vyake: gari linafunguliwa mlango taratibu, mrembo anageuza shingo, mashuka meupe, glasi zenye kinywaji ambacho hakuna anayekimaliza, na bwawa ambalo hakuna anayeogelea. Mwanzo wa video simu inapigwa haipokelewi. Mwisho wake watu wanakumbatiana. Haya hayatokei kwa bahati mbaya. Kila utanzu una sheria zake, na bwawa kwenye video ya mapenzi lina kazi ile ile ya "hapo zamani za kale" kwenye hadithi. Linakuambia umeingia wapi. Hakuna anayeuliza lina kina gani.

Mwingereza Steve Neale aliandika kuhusu utanzu wa filamu mwaka 1980 na kusema unaishi kwa mambo mawili yanayovutana, kurudia na kutofautiana. Ukirudia tu, mtazamaji anapiga miayo. Ukitofautiana kabisa, hajui anaangalia nini. Mfano wetu mzuri ni "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016. Wimbo wenyewe umejengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, uliotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu aliyekua na ule wa zamani alijua yuko nyumbani, na bado alikuwa anaona kitu kipya. Fomula ndiyo hiyo.

Na kwa nini Dar, na juu ya Dar, Afrika Kusini? Hilo nalo lina historia yake. Diamond alipokwenda kushuti "Number One" Afrika Kusini mwaka 2013, alikuwa anawania nafasi kwenye vituo kama Channel O na MTV Base, ambavyo makao yake yalikuwa huko huko, na ambavyo havikuwa na huruma na picha yenye chenga. Ule ulikuwa uamuzi wa biashara. Wenzake wengi wakafuata, na ndani ya miaka michache barabara pana na nyumba za vioo zikawa ndiyo sura ya mapenzi kwa vijana wa Urambo na Nzega. Shemeji yangu hauzi wimbo wowote kwa MTV Base. Ni mkaguzi wa hesabu. Nilimwambia hivyo, hakucheka.

Aliyevaa nyekundu mbele ya msafara

Siku iliyofuata tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Sikuwapeleka kwa ajili ya Wazungu hao. Nilitaka tuzungumze tukiwa juu ya njia yenyewe, ile ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, kwa sababu mimi naamini ustaa wa nchi hii ulipita hapa kabla ya kamera.

Richard Burton alifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, Novemba 1857. Katika kitabu chake alimweleza kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi, ambaye kwa kawaida alikuwa Mnyamwezi. Alitangulia mbele ya msafara amevaa joho jekundu lililotobolewa katikati kupitisha shingo, ncha zake zikining'inia mbele na nyuma. Kichwani ngozi ya mbega au ya paka mwitu, juu yake manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji. Yeye ndiye aliyeongoza, na wapagazi walitembea kwa nyimbo, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia.

Sasa niambie, hiyo si video? Mavazi, bendera, ngoma, waitikiaji, na watu wa kijijini wamejipanga pembeni kuangalia. Na yule kirangozi naye alikuwa mpagazi kama wenzake. Alitoka kwenye nyumba ya kawaida, akila ugali wa kawaida. Kilichomtofautisha ni joho na nafasi ya mbele.

Mwaka 1979 Mwingereza mwingine, Richard Dyer, alitoa kitabu kuhusu mastaa wa filamu. Kwa kifupi anasema staa ni taswira zaidi ya kuwa mtu. Taswira hiyo inatengenezwa na kazi zake, matangazo, picha za magazetini, mahojiano na umbea. Na lazima iwe na pande mbili kwa pamoja: awe mtu wa kawaida kama wewe, na awe mtu asiye kama wewe hata kidogo. Upande mmoja ukikosekana, taswira inakatika. Ndiyo maana Diamond, akiwa ameshafika juu kabisa, albamu yake ya mwaka 2018 aliipa jina A Boy from Tandale. Na mwaka 2012, mwisho wa njia hii hii, yeye na wenzake wenye asili ya Kigoma kama Mwasiti na Linex walitoa "Leka Dutigite" kwa jina la Kigoma All Stars. Staa anahitaji mahali pa kutoka.

Bibi harusi, ambaye kwao ni Ujiji, alimgeukia mwenzake: "Umesikia?" Shemeji akajifanya anapiga picha mlango wa tembe.

Picha ya studio

Mimi kinachonigusa zaidi kwenye njia hii ni picha moja. Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871. Aliporudi Uingereza mwaka 1872 aliingia studio ya picha London, akavaa mavazi ya safari, akashika bunduki, akapigwa picha iliyouzwa kwa watu kama kumbukumbu. Hapakuwa na Ujiji pale. Ziwa hakuna, jua hakuna. Hata yale maneno maarufu ya salamu yake kwa Livingstone, Tim Jeal aliyeandika maisha yake mwaka 2007 anaona huenda aliyatunga baadaye. Kurasa za siku ile kwenye shajara yake zimechanwa. Vijana wa sasa wangesema ilikuwa kiki.

Kwenye baadhi ya picha zile za studio amesimama naye mtoto wa Kiafrika. Alipewa mtoto huyo hapa Unyanyembe mwaka 1871, kama zawadi, na mfanyabiashara wa Kiarabu. Jina lake lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley akamwita Kalulu. Alipelekwa Uingereza na Marekani, akarudi Afrika na safari iliyofuata, akafa mwaka 1877 kwenye maporomoko ya mto Kongo akiwa bado kijana. Kwenye picha yuko pale kumfanya mwingine aonekane.

Bibi harusi aliinyamazia habari hii kwa muda mrefu. Baadaye, tukiwa chini ya mwembe, akatoa lililokuwa moyoni. Alisema ameangalia zile video zote ambazo mwenzake alimtumia kama mifano, zaidi ya kumi. Kwenye kila moja kuna mwanamke. Hasemi neno. Anageuka, anatabasamu, anashuka ngazi. "Dada, hata jina lake sikulijua. Mimi nitakuwa yule?"

Hapa ndipo nilipojua kwamba kiwanja kilikuwa nusu tu ya ugomvi.

Laura Mulvey aliandika mwaka 1975 kwamba kwenye sinema za Hollywood mwanamume ndiye anayeangalia na mwanamke ndiye anayeangaliwa. Andrew Goodwin, kwenye kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu video za muziki, anatueleza kamera inavyorudi tena na tena kwenye sura ya staa, kwa sababu sura ndiyo inayouzwa. Mrembo ni sehemu ya mandhari, pamoja na gari na bwawa. Kwa biashara ya muziki sawa, wimbo ni wa msanii. Lakini video ya watu wawili wanaooana ikifuata kanuni hizo bila kufikiri, inampa mmoja ustaa na mwingine inampa kazi ya kuuza sura. Bwana harusi alikuwa hajaliona hilo. Namtetea, kwa sababu ni kweli hakuliona. Alidhani anampa heshima.

Asha wa kila mtu

Jioni ile mama mkwe aliyasikia mabishano yetu akatushangaa. Wakati wake, alisema, muziki ulikuwa hauna sura.

Ana haki. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliimba nayo "Dada Asha". Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Nyimbo hizo zilifika majumbani kwa Radio Tanzania, na kila msikilizaji akajitengenezea Asha wake. Mama mkwe anaye wa kwake, mrefu, ana mwanya. Goodwin anakubaliana naye bila kumjua: anasema muziki tayari unatuletea picha kichwani, na video hujenga juu ya picha hizo. Wakati mwingine, naongeza mimi, huzifuta.

Na sisi tuliozaliwa na kioo tuna tatizo letu. Tunachanganya. Mei 2018 ilipotoka video ya "Iyena", Diamond na Zari walionekana wakiwa bwana na bibi harusi, ilhali Februari 14 mwaka ule ule Zari alikuwa ameshatangaza Instagram kwamba wameachana. Watu waliijadili miezi na miezi: kumbe wamerudiana? Anatuma ujumbe? Dyer angetabasamu. Watazamaji walikuwa wanasoma video, Instagram na umbea kama kitabu kimoja, na kitabu hicho ndicho staa mwenyewe. Ofisini kwetu nakumbuka dada mmoja alikuwa na hasira ya kweli, akamtolea mumewe kwa simu. Shela ile ilikuwa ya video. Mume alikuwa wa kweli, yuko kazini kwake, hajui kakosa nini.

Nami sijitoi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimnunia baba watoto siku mbili kwa sababu alinipa zawadi ya siku ya kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Video gani uliona mfuko wa plastiki?

Siku ya kuondoka kwangu walikuwa wameshaandika karatasi nyingine. Wanashuti Tabora, asubuhi mbili, mpiga picha wa hapa hapa. Kuna miembe ya njia ya Kwihara, kuna stesheni ya reli, ambako walionana mara ya kwanza wakigombea kiti. Bibi harusi ataongea mwenyewe, kwa sauti yake, sentensi chache za Kiha na nyingine za Kiswahili, na bwana harusi ndiye atakayeshuka ngazi. Hilo lilimchekesha mpaka akakubali.

Kiwanja wamelipia awamu ya kwanza. Kuhusu lile gari jeupe bado hawajaelewana. Shemeji ananiandikia karibu kila siku kwamba kuna mjomba wake Nzega ana Land Cruiser, na je, saa moja tu, si inaruhusiwa?