Fedha ya Mavuno na Dhiki ya Sikukuu



Mwaweza kuuliza: sisi watu wa karafuu tuna nini na watu wa Mlowo? Wao wako bara, kwenye baridi ya nyanda za juu, mbali na bahari. Lakini kwa jambo moja twafanana nao sana. Wao wana kahawa, sisi tuna karafuu, na kwetu sote fedha kubwa huingia kwa msimu, haiingii kwa mwezi kama mshahara. Kwa hiyo dhiki inayowapata wao wakati wa sikukuu yatuhusu na sisi.

HALI YA MLOWO

Mlowo ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Watu wake wengi hulima kahawa, mahindi na maharage. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na ifikapo Disemba uchumaji wa kahawa umekwisha zamani. Mvua zao ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili.

Basi tazameni mambo yanavyokutana. Disemba shamba lataka mbegu, mbolea na palizi. Tarehe 25 ni Krismasi. Siku saba baadaye ni Mwaka Mpya. Januari skuli zafunguliwa. Ada katika skuli za Serikali iliondolewa tangu mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Fedha ni moja, wenye kuidai ni wanne.

Juu ya hayo kuna wageni. Watoto walioko Dar es Salaam, Mbeya na kwengineko hurudi nyumbani, na mabasi hujaa. Aliyetoka mjini aona haya kufika mikono mitupu. Aliyeko nyumbani aona haya kumpokea bila ya wali na nyama. Kila mmoja amficha mwenziwe hali yake, na wote wawili hukopa.

DHIKI INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Dhiki hii si uvivu, wala si upungufu wa imani. Mtu akiogopa, mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Kwa hatari ya dakika chache huo ni msaada mkubwa. Lakini deni si nyoka, halipiti likaenda zake. Likikaa majuma mengi, mwili nao hukaa macho. Usingizi hupotea, kichwa huuma, tumbo huvurugika, na hasira huwa karibu, hata baba akampigia kelele mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Wako wanaotafuta nafuu katika pombe. Pombe huharibu usingizi uleule waliokuwa wakiutafuta, na fedha nayo huisha.

MAMBO YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza, anza hesabu yako Januari, kisha urudi nyuma. Tuseme mtu amebakiwa na shilingi 600,000. Akiweka 300,000 za mbegu na mbolea, na 150,000 za skuli, sikukuu ina 150,000. Ndiyo sikukuu yake, aipike kwa kiasi hicho. Wengi hufanya kinyume: hula kwanza, kisha hutafuta mbegu. Matokeo yake ni shamba kupandwa kwa kuchelewa, na dhiki ya siku moja huwa ya mwaka mzima.

Pili, semeni mapema. Mwambie mwanao aliye mjini, "Njoo hata bila ya kitu, twataka kukuona wewe." Naye amwambie mzazi wake, "Mama, mwaka huu hali si nzuri." Maneno haya ni mazito siku ya kuyasema, lakini ni mepesi kuliko deni.

Tatu, usiuze mazao yakingali mtini, wala usichukue mikopo ile ya haraka ambayo watu wameiita "kausha damu". Sisi wa visiwani twajua habari hii. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba Unguja na Pemba yalikuwa makubwa hata Serikali ikalazimika kuyatungia sheria.

Nne, gawanyeni kazi. Sikukuu ya wengi ni mapumziko, lakini ya mama wa nyumba ni moshi wa jiko tangu alfajiri. Vijana wachote maji na kupasua kuni, na wanaume nao wasikae barazani tu.

Tano, mkumbukeni aliyefiwa. Siku ambayo wote hukusanyika ndiyo siku ambayo pengo huonekana zaidi. Msimlazimishe kucheka. Kaeni naye, mtajeni marehemu kwa wema.

Na mtu akikosa usingizi au raha ya moyo kwa zaidi ya majuma mawili, aende hospitali kama aendavyo kwa homa. Akisema afadhali afe, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku ileile.

KWETU VISIWANI

Krismasi haihami, kwa hiyo mtu wa Mlowo ajua tangu mapema itamkuta wapi. Idi yetu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na hutukuta mara tukiwa na fedha, mara tukiwa hatuna. Wakubwa watakumbuka mwaka 1997, ulioanza Ramadhani mwezi wa Januari na kumalizika Ramadhani nyengine ikiandama. Mwaka 2030 itakuwa hivyo tena. Mwezi wa Januari tutakuwa tumefunga, skuli zafunguliwa, na nguo za Idi zangojewa. Sare na kanzu zitatoka katika mfuko mmoja, kama ilivyo Mlowo kila mwaka.

Basi, ndugu, siku utakapolipwa karafuu zako, kabla hujapita dukani, kaa kitako na watu wa nyumbani mwako. Tengeni kwanza fungu la skuli na la palizi, na litakalobaki ndilo la Idi.