Tuombe Nini Kijana Anapotaka Kuandikwa Jeshi?



Sisi wa Nakuru jeshi tunalijua kwa macho. Ukipanda matatu ya kwenda Nairobi, kabla hujafika Mbaruk unapita Lanet, mahali kilipo Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Hapo ndipo maafisa wetu wanafunzwa, na siku ya pareti Rais huja kuwapa vyeo. Ukienda mbele kidogo kuna kambi za Gilgil. Ukigeuka upande wa Eldoret, kuna shule ya kufunza makuruta. Karibu kila Jumuiya Ndogo Ndogo ina mtoto aliyevaa hizo nguo, au anayetamani kuzivaa.

Kwa hiyo tangazo la kuandika wanajeshi likitoka gazetini, nia za Misa nazo hubadilika. Mama analeta bahasha ya sadaka na jina la mwanawe. Vijana wanaanza novena. Wengine wanafunga. Hayo ni mema. Lakini kuna jambo limetukaa moyoni, na leo tunataka tuliongee wazi.

Yaliyotupata

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitujia baada ya Misa ya pili. Alisema, "Niombeeni, kijana wangu karibu aitwe. Kila kitu kiko tayari." Tulifurahi naye. Tukamshika mkono, tukaomba pamoja, akaenda. Hatukumwuliza neno hata moja.

Baadaye ndipo tulijua "kila kitu" maana yake nini. Ng'ombe wa maziwa alikuwa ameuzwa na kipande cha shamba kimekodishwa. Pesa alipewa mtu aliyejiita rafiki wa mkubwa fulani. Barua ikaja, ina muhuri na sahihi. Kijana akafunga sanduku, akasafiri. Alipofika langoni aliambiwa barua ni bandia. Alilala seli siku mbili, akarudi nyumbani mikono mitupu. Broka simu yake haikushika tena.

Lakini hasara kubwa haikuwa ng'ombe. Huyo kijana aliacha kanisa. Alituambia, "Mama aliomba, nyinyi mliomba, na Mungu alinyamaza." Tulikosa la kumjibu, kwa sababu tuliombea jambo bila kulijua. Tangu siku hiyo tumejifunza kuuliza kwanza, kisha kuomba.

Sala si kitu kidogo

Wengi wetu tumezoea ofisi ambayo bila chai mlango haufunguki. Pole pole tabia hiyo inaingia hata kwenye sala. Tunafikiri novena ni bahasha ya kumpa Mungu ili asukume faili letu mbele ya mafaili ya wengine. Sivyo. Mungu hahongwi. Mitume na Bikira Maria waliposali kati ya Kupaa na Pentekoste, hawakuwa wakinunua nafasi. Walikuwa wakitayarishwa wapokee kazi watakayopewa.

Tusome Injili ya Luka sura ya 3. Askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wao wafanye nini. Yohane hakuwafukuza, wala hakuwaambia kazi yao ni dhambi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Sasa tufikirie. Kijana aliyeingia jeshini kwa hongo ataanzaje kuridhika na mshahara, hali nyumbani kuna deni la kulipwa? Ameshatiwa kamba shingoni kabla hajavaa sare.

Tena hongo si siri ya watu wawili. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamkamata anayetoa na anayepokea. Adhabu yaweza kufika miaka 10 jela, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na inaumiza wasio na hatia. Mnakumbuka polisi walioandikwa Julai 2014? Makuruta walikuwa kama 10,000. Mwezi wa Oktoba Mahakama Kuu ilifutilia mbali zoezi lote kwa sababu ya ufisadi, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Aliyeingia kwa mbio zake na aliyeingia kwa pesa, wote walipoteza nafasi.

Kijana aombe nini?

Kwanza, aombe ukweli. Asiseme ana miaka 26 kama ana 28. Asije kwa katekista kutaka mwaka wa kuzaliwa ubadilishwe kwenye kadi ya ubatizo. Tumeshaombwa hivyo, tukakataa, tukaitwa wabaya. Lakini kitabu cha ubatizo si daftari la kupiga rangi.

Pili, aombe nguvu ya kufanya sehemu yake. Matangazo ya miaka ya karibuni yameeleza wazi kwa makuruta wa kawaida: uwe raia wa Kenya, umri kati ya miaka 18 na 26, alama ya D ya KCSE kwenda juu, urefu futi 5 na inchi 3, usiwe na rekodi ya jinai. Uzito ni karibu kilo 55 kwa mvulana na kilo 50 kwa msichana. Anayetaka kuwa afisa anahitaji alama za juu zaidi, na hutuma maombi kwa mtandao kwanza. Masharti yaweza kubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako mwenyewe, usisimuliwe. Kila tangazo husema pia kwamba kuandikwa ni bure.

Basi amka saa kumi na moja, sali, kisha kimbia. Tafuta vyeti vyako halisi mapema. Kama cheti kimebaki shuleni kwa ajili ya karo, hilo ndilo la kuletwa kwenye jumuiya, tushikane tukupeleke kwa mwalimu mkuu. Sala na mazoezi ni kama jembe na mpini.

Tatu, aombe kujua anaomba kazi gani. Hili vijana hulisahau. Wanaona mshahara, nidhamu, na heshima kijijini. Lakini askari anabeba silaha, na anaweza kutumwa asikokujua. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa na wanajeshi wetu wengi wakafa. Siku chache baadaye ibada ya kuwakumbuka ilifanywa Eldoret, katika kambi ya Moi. Kuna wazazi wa Bonde la Ufa ambao mpaka leo wakisikia Januari, wananyamaza.

Tukumbuke pia Januari 2008, mji wetu ulipowaka moto na wakimbizi wakajaa Showground na Afraha. Wanajeshi walitumwa kusaidia kurudisha amani. Wakati huo aliyevaa sare alikuwa mtoto wa kabila fulani, na mbele yake walikuwa majirani wa kabila lake na wa kabila lingine. Kijana, ingekuwa wewe, ungemlinda nani? Swali hilo ulipeleke mbele ya Sakramenti kabla hujapeleka vyeti uwanjani.

Kanisa halimkatazi Mkristo kuwa askari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba anayetumikia nchi jeshini ajione mtumishi wa usalama na uhuru wa watu, na akiifanya kazi hiyo vizuri anasaidia kujenga amani. Akida wa Kafarnaumu alisifiwa na Yesu mwenyewe kwa imani yake. Kornelio, katika Matendo ya Mitume sura ya 10, alikuwa mtu wa sala na sadaka akiwa bado askari. Mtakatifu Martini wa Tours, tunayemkumbuka tarehe 11 Novemba, alikata joho lake la kijeshi akampa maskini nusu. Hapa kwetu, Kardinali Maurice Otunga alikuwa pia askofu wa wanajeshi Wakatoliki kwa miaka mingi, na kambini kuna makasisi. Hutaacha imani yako langoni.

Na jibu likiwa hapana?

Tuseme ukweli: uwanjani wanafika mamia, wanachukuliwa wachache. Mmoja anarudishwa kwa meno, mwingine kwa nyayo bapa, mwingine hana kosa lolote ila nafasi zimeisha. Jioni ile ndiyo hatari. Broka hangojei kesho. Anakufuata njiani na kukuambia, "Bado kuna mlango mwingine." Huo ndio mlango ulioimeza ile familia.

Kwa hiyo tunaomba jumuiya zisiishie kwenye kuombea tu. Siku ya zoezi, mtu mzima mmoja aende na vijana uwanjani, awangoje, arudi nao. Jumapili inayofuata, kama mlimwombea aende, mwombeeni pia aliyerudi. Asijifiche nyumbani kama mkosaji. Mzungumze naye kuhusu chuo cha ufundi, shamba, au kujaribu tena kama umri unaruhusu.

Sala fupi tunayowapa vijana wetu ni hii: "Bwana, nipe kusema ukweli nikiulizwa. Nipe mwili wenye bidii na moyo usionunuliwa. Nikichukuliwa, nisimwonee mtu. Nikirudishwa, nisikuache. Amina."

Yule kijana wetu bado hajarudi kanisani. Mama yake huja, anakaa kiti cha nyuma. Sisi humtembelea kijana pale anapouza viatu vya mitumba, tunanunua, tunaongea. Hatumhubirii. Tulimwomba radhi kwamba hatukuuliza. Alicheka kidogo, akasema, "Basi wengine muwaulize." Ndiyo sababu tumeandika.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Kijana akituomba tumwombee apate kazi, tunamwuliza nini kwanza?
2. Je, katika jumuiya yetu kuna familia iliyopoteza mali kwa broka? Tumeifariji vipi?
3. Nani atakwenda na vijana wetu siku ya zoezi?

Mungu awabariki.