Mume Anapotaka Kurusha Ndege Kubwa

Akina mama wa Kilwa, Lindi na Mtwara wanaijua thamani ya ndege ndogo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, na wakati wa masika abiria waliweza kulala njiani. Hata baada ya barabara kutengenezwa, mambo hayakuwa rahisi siku zote. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara katika Wilaya ya Kilwa, mabasi yakabaki huku na huku. Siku kama hizo ndipo watu hukumbuka kwamba Kilwa Masoko pana uwanja wa ndege, kwamba kisiwa cha Songo Songo chenye visima vya gesi nacho kina uwanja wake, na kwamba Lindi kuna uwanja wa Kikwetu.

Lakini ni wachache wanaomfikiria mtu anayekaa mbele ya ndege hiyo. Mara nyingi ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga, naye moyoni ana jambo moja: siku moja aiache ndege ya abiria kumi na wawili, akarushe ndege kubwa iendayo nchi za mbali. Mke wake naye ana maswali yake. Itachukua miaka mingapi? Fedha zitatoka wapi? Tutahamia wapi? Na akiugua itakuwaje? Mwezi huu tuyatazame maswali hayo. Yanawahusu pia akina mama wenye watoto shuleni wanaosema kila jioni, "Mama, mimi nitakuwa rubani."

NGAZI YENYEWE

Ndege ndogo ambazo kwa miaka mingi zimetua katika viwanja vya pwani hii ni kama Cessna Caravan, yenye injini moja, nayo huweza kurushwa na rubani mmoja peke yake. Ngazi inayofuata ni ndege za injini mbili zenye mapanga, kama ATR za Precision Air na Dash 8 Q400 za Air Tanzania zinazobeba abiria 76. Humo marubani ni wawili, kapteni na msaidizi wake. Juu zaidi ni ndege za jeti.

Shirika letu la Air Tanzania lilianzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Baadaye lilidhoofika mno, likafufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400. Mwaka 2018 likapokea Boeing 787 Dreamliner yake ya kwanza, na mwishoni mwa mwaka huo Airbus A220. Kwa marubani vijana wa Kitanzania ilikuwa habari njema, kwa kuwa ngazi ya juu ilirudi nyumbani. Wengine hutazama mbali zaidi: Kenya Airways, Ethiopian Airlines, Emirates ya Dubai, au Qatar Airways ya Doha.

Mtu hupandaje ngazi hiyo? Kwa mitihani, na kwa saa alizoruka. Kwa kanuni za kimataifa zinazosimamiwa na shirika la ICAO, leseni ya kurusha ndege kwa malipo huhitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa, huhitaji saa 1,500. Ndani ya hizo sharti ziwepo saa 100 za usiku, na saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kutazama nje.

Hebu tupige hesabu. Kijana mwenye saa 200 amebakiza saa 1,300. Akiruka saa 60 kila mwezi, atazimaliza kwa karibu miezi ishirini na miwili. Akiruka saa 40, ni karibu miaka mitatu. Na kwa vile ndege ndogo za pwani huruka zaidi mchana, saa za usiku huenda zikamsubirisha hata baada ya hesabu kubwa kutimia. Kwa hiyo, dada, usimwone mumeo amezembea ikiwa wenzake wa shule ya urubani wametangulia. Pengine wao wamepata njia za usiku, yeye bado.

Wazee wa Kilwa hawatashangaa kusikia haya. Nahodha wa jahazi hakuanza kwa kuvuka bahari kwenda Arabuni. Alianza kwa kuteka maji chomboni na kufunga kamba, akajifunza mikondo na miamba, hata siku moja akakabidhiwa usukani. Njia fupi za pwani ndizo chuo cha rubani. Huko hujifunza kutua penye upepo wa kaskazi na kusi, kusoma mawingu ya masika, na kuamua peke yake kwamba leo hapatuliki, turudi.

KAPTENI ANAYEGEUKA MSAIDIZI

Kuna jambo moja ambalo wake wengi huwa hawaambiwi mapema. Kapteni wa ndege ndogo akiajiriwa na shirika kubwa, kwa kawaida haanzi huko akiwa kapteni. Huanza upya kama msaidizi. Katika mashirika mengi, hasa Marekani, kila rubani hupewa nafasi kwenye orodha kufuatana na siku aliyoajiriwa. Orodha hiyo ndiyo huamua nani atakuwa kapteni kwanza, nani atapata likizo ya Krismasi, na nani atakaa kituo kilicho karibu na nyumbani. Akihama tena kwenda shirika jingine, anarudi mkiani.

Kwa sababu hiyo marubani hupenda kuwahi, na kwa sababu hiyo nyumba hutikisika. Mume aliyezoea kuitwa kapteni anarudi kuwa mwanafunzi, anakesha na vitabu, na mshahara wa mwanzo huenda usizidi ule aliouacha. Si wakati wa kumuuliza ukubwa wa ndege umeleta nini mezani. Ni wakati wa kupunguza matumizi na kungoja pamoja.

Nafasi nazo hazitegemei bidii peke yake. Mwaka 2009 ndege ya shirika dogo ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Baada ya hapo Marekani iliweka sharti kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe, kwa kawaida, na saa 1,500. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizilaza ndege duniani kote, na marubani wengi wakapoteza kazi. Muda mfupi baadaye safari ziliporudi, mashirika makubwa yakawachukua marubani wa mashirika madogo kwa haraka kiasi kwamba miji midogo ya Marekani ilikosa ndege. Mlango huu hufunguka na kufungwa. Familia yenye akiba huweza kungoja, yenye madeni haiwezi.

FEDHA NA MKATABA

Mafunzo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Kimarekani. Watanzania wengi wamesomea nje, Nairobi, Afrika Kusini, Ethiopia, au Soroti nchini Uganda, ambako nchi za Afrika Mashariki zilianzisha chuo cha pamoja mwaka 1971. Ziko familia zinazofikia kuuza shamba la mikorosho au kuweka rehani hati ya nyumba. Kabla ya kufika huko, kaeni wote wawili, na ikibidi wazazi wa pande zote wawepo, mjiulize: kijana akishindwa kupita uchunguzi wa afya, deni hili atalipa nani? Ndiyo maana uchunguzi wa afya ufanywe kwanza, kabla ada haijalipwa. Uchunguzi huo ni rahisi mno ukilinganisha na shamba lililouzwa.

Kisha kuna mkataba. Kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake, mengi yakifanyika ndani ya mashine inayoiga ndege. Shirika likiyalipia, mara nyingi humfunga rubani kwa mkataba wa miaka kadhaa, na akiondoka mapema hudaiwa gharama. Mwambie mumeo ausome mkataba huo nawe. Si kwamba humwamini, bali deni likija litagonga mlango wa nyumba yenu nyote.

AFYA NDIYO LESENI

Leseni ya rubani haina nguvu bila cheti cha afya. Rubani wa abiria hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, walau mara moja kwa mwaka. Anayeruka peke yake na abiria hupimwa kila miezi sita akishapita miaka 40. Hutazamwa macho, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, na masikio, moyo, shinikizo la damu, sukari, mapafu na hali ya akili. Kuvaa miwani peke yake si kikwazo, maadamu anaona sawasawa akiivaa. Kifafa ni kikwazo kikubwa, na ugonjwa wa sukari unaohitaji sindano za insulini huwazuia wengi.

Hapa ndipo mama wa nyumbani ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Shinikizo la damu huanzia jikoni, kwa chumvi na mafuta. Usingizi hulindwa na nyumba, kwa hiyo mume akiwa na zamu ya alfajiri wageni waagwe mapema. Dawa nazo ziangaliwe. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton huleta usingizi, na anayevinywa asirushe ndege. Mwenye mafua makali asiruke, kwani masikio yaliyoziba huweza kuumia vibaya ndege inapoteremka. Mwenye homa ya malaria apumzike mpaka apone na daktari aridhike. Usimpe mumeo kidonge kilichobaki kabatini ukidhani unamsaidia.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuficha. Rubani anayekaribia kuitwa na shirika kubwa huogopa kwamba neno moja kwa daktari litavunja ndoto ya miaka kumi. Basi hunyamaza juu ya kizunguzungu, kukosa usingizi au huzuni isiyoisha, na pengine humsihi mkewe anyamaze pia. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliyekuwa akimficha mwajiri ugonjwa wake wa akili aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Ufaransa. Watu wote 150 walikufa. Wengi wenye huzuni hawafanyi hivyo, na wengi wao hutibiwa wakarudi kazini. Lakini siri haitibu. Mke anayemwambia mumewe, "Twende kwa daktari, hata leseni ikisimama tutakula ugali pamoja," humlinda yeye na abiria wake, naye hajamsaliti.

MABINTI NAO

Mama mwenye binti apendaye hesabu na fizikia asimvunje moyo. Irene Koki Mutungi wa Kenya, ambaye baba yake alikuwa rubani, aliingia Kenya Airways miaka ya 1990, na mwaka 2014 akawa kapteni wa Boeing 787, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufikia daraja hilo. Na uzazi je? Kanuni za kimataifa hutoa nafasi kwa rubani mjamzito asiye na matatizo kuendelea na kazi tangu mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Baadaye hupumzika, na baada ya kujifungua hupimwa upya kabla ya kurudi.

HOFU YA NYUMBANI, NA PWANI INAYOBAKI

Hakuna mke wa rubani asiyekumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Hofu hiyo ni ya haki, wala dawa yake si kumzuia mtu kazi. Dawa ni kuhakikisha anatoka nyumbani amelala, amekula na hana ugomvi moyoni, na kwamba bima, wosia na hati za nyumba viko mahali mnapopajua nyote wawili.

Tena, marubani wakiondoka, watu wa Kilwa na Songo Songo watarushwa na nani? Kijana hawezi kulaumiwa kwa kutaka kupanda ngazi, kama vile mwalimu halaumiwi kwa kwenda kusoma. Lakini wako pia wanaochagua kubaki, wakafundisha vijana wapya, wakarudi kwao kila jioni kuwaona watoto wakilala. Huko nako si kushindwa. Ikumbukwe tu kwamba anayeruka peke yake na abiria hufikia ukomo akiwa na miaka 60, na wa ndege yenye marubani wawili akiwa na miaka 65.

Basi, dada msomaji, kabla mumeo hajatuma barua ya maombi, kaeni jioni moja watoto wakishalala, mkubaliane mambo manne: mtaishi wapi akipata, mtaishije mshahara ukipungua, nani atamtazama mama mkwe akibaki peke yake Kilwa, na mtafanya nini asipopata. Nyumba iliyojibu swali hili la mwisho imekwisha kujiandaa, ndege kubwa ije au isije.